Mfufua Maiti au Tezi ya Nyani: kokteli ipi huitendea haki absinthi?

Mlangobahari:
Wakuu, nimepata chupa ndogo ya absinthi, ile pombe ya kijani inayotengenezwa kwa pakanga na shamari, nami ningependa kuichanganya na jini (ya chupa, si ya kupunga) bila kuipoteza ladha. Ninasita kati ya Corpse Reviver nambari 2, yaani Mfufua Maiti, na Monkey Gland, yaani Tezi ya Nyani. Nianze na ipi?

Fundi Kaunta:
Anza na Mfufua Maiti. Harry Craddock wa baa ya hoteli ya Savoy, London, aliichapisha mwaka 1930: jini, Cointreau (pombe tamu ya maganda ya machungwa), Kina Lillet (divai ya Kifaransa yenye kwinini) na maji ya limau kwa vipimo sawa, kisha tone la absinthi. Kwa kuwa hakuna kiungo kinachokizidi kingine, harufu ya tone hilo hukupokea kabla glasi haijafika mdomoni. Mimi hutia mililita 25 za kila kimoja. Ukizidisha absinthi, umejitengenezea dawa ya kikohozi.

Bi Zabibu:
Ndugu Fundi, vipimo ni hivyo, ila kinywaji cha Craddock chenyewe hatukipati tena. Kina Lillet ilikuwa na uchungu wa kwinini uliopunguzwa mwaka 1986, na Lillet Blanc ya leo ni laini zaidi. Ndiyo maana mimi hutumia divai ya Cocchi Americano ya Italia, ambayo bado ina uchungu huo.

Kwa historia, hata hivyo, Tezi ya Nyani haina mpinzani. Hunasibishwa na Harry MacElhone wa Harry's New York Bar, Paris, miaka ya 1920, na jina lake linamdhihaki daktari Serge Voronoff, aliyewapandikizia wanaume vipande vya korodani za nyani ili warudiwe na ujana. Naona haya kuyaandika, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Mlangobahari:
Dada, Ufaransa si ilikuwa imeipiga marufuku absinthi tangu 1915?

Bi Zabibu:
Naam, lakini Uingereza haikuipiga marufuku, hivyo huko Tezi ya Nyani iliweza kutiwa absinthi. Marekani, ilikokatazwa mwaka 1912, Tezi ya Nyani ilizoeleka kutiwa Bénédictine, pombe tamu ya mitishamba, badala ya absinthi.

Fundi Kaunta:
Ladha yake ndiyo inayonitatiza: sehemu 2 za jini kwa 1 ya maji ya machungwa, pamoja na sharubati ya komamanga, na pakanga inafunikwa kabisa.

Mlangobahari:
Basi leo ninakamua malimau.