Dishi la futi 6, nyuzi 68.5 Mashariki: nguvu 85, ubora sifuri, na rekodi inakatika

Pwani68:
Wakuu, habari za kazi. Niko Dar, nimefunga dishi la futi 6 na LNB (kile kichwa cha mbele ya dishi kinachopokea mawimbi) ya C-band nikitafuta setilaiti ya Intelsat 20, iliyo nyuzi 68.5 Mashariki. Risiva inasoma nguvu 85, ubora 0, ukibahatika 30 halafu unapotea. Pia nikirekodi chaneli ya HD kwenye flashi, rekodi inakatika baada ya saa moja na kidogo. Na je, naweza kurekodi taarifa ya habari huku watoto wanaangalia tamthilia chaneli nyingine?

Fundi Timazi:
Mkuu, hiyo 85 isikudanganye. Inaonyesha tu kwamba LNB inapata umeme. Setilaiti unaiona kwenye ubora. Anza na menyu: masafa ya LNB yawe 5150, siyo 9750/10600, hiyo ni ya Ku, bendi nyingine tofauti na C-band yako.

Nguzo isimame wima kabisa, ipime kwa pimamaji pande mbili. Kutoka Dar dira ni nyuzi 78, yaani mashariki ukiegemea kaskazini kidogo, na mwinuko ni 55. Laza ubao kutoka ukingo wa juu hadi wa chini wa dishi, weka simu yenye programu ya kupima mwinamo: isome 35 (90 toa 55).

Sasa linalowaponza wengi huku kwetu: kuzungusha LNB. Tuko karibu na Ikweta, kwa hiyo mawimbi ya setilaiti iliyo mbali na longitudo yetu yanatufikia kama yamelala, hapo Dar kwa karibu nyuzi 76. Ukiiacha LNB ilivyokaa kwa mazoea, mawimbi ya wima (V) na ya mlalo (H) yanabadilishana nafasi. Jaribu hivi: chukua transponda moja (masafa mamoja ya setilaiti yanayobeba kundi la chaneli), geuza V kuwa H kwenye menyu. Ikishika, dishi liko sawa, LNB ndiyo ya kugeuza. Izungushe polepole ukiangalia ubora, siyo nguvu.

Waya_RG6:
Naongezea umbali wa LNB. Kipenyo zidisha kwa kipenyo, gawa kwa kina mara 16. Dishi la sm 180 lenye kina cha sm 30 linatoa sm 67.5 kutoka kitovuni hadi mdomo wa LNB. Sentimita 2 tu zinakula ubora mwingi.

Chaneli za mlalo zikigoma peke yake, weka mita ya kupima volti kwenye ncha ya waya upande wa LNB: V isome kama volti 13, H kama 18. Ikibaki 13 tu, konekta imeingia maji au waya ni mbovu.

Kinasa:
Flashi yako bila shaka imefomatiwa kwa mfumo wa FAT32, ambao haubebi faili linalozidi GB 4. HD ya megabiti 8 kwa sekunde hula GB 3.6 kwa saa, ndiyo maana inakatikia hapo. Risiva ikikubali mfumo wa NTFS, ifomati flashi hivyo, ila hamisha vitu vyako kwanza. Diski ya inchi 2.5 ni bora kuliko flashi, lakini ikilia tiki-tiki na kujitoa, umeme wa USB hautoshi. Tafuta habu yenye adapta yake.

Saa ya risiva iwe GMT+3. Taarifa ya saa mbili usiku iandike 20:00, anza dakika 2 kabla.

Risiva ya tyuna moja (kifaa cha ndani kinachoshika masafa) itarekodi moja na kuonyesha nyingine ikiwa tu zote ziko transponda moja. Vinginevyo nunua LNB yenye matundu mawili, risiva ya pili na waya wake. Spilita, ya kugawa waya mmoja kwa risiva mbili, haifai hapo: risiva moja inaomba volti 13, nyingine 18, na LNB itafuata ile ya 18.