Nimebadilisha sensa ya oksijeni, taa ya injini imerudi palepale. Msaada wakuu

Kijana wa Mwaloni
Wakuu habari za jioni. Nina Toyota IST ya 2003, injini 1NZ. Taa ya injini iliwaka nikiwa kwenye foleni Buzuruga hapa Mwanza, nikaenda kupima kwenye kompyuta, ikatoa kodi (namba ya hitilafu) P0135. Fundi akasema sensa ya oksijeni ya mbele, ile inayopima moshi wa ekzosi, imekufa. Nikanunua used kwa 90,000, akafunga, akafuta kodi. Kesho yake asubuhi, hata Mto Mirongo sijavuka, taa hiyo hapo!

Na mafuta linakunywa. Kazi yangu ni kupeleka dagaa mjini kutoka Kirumba, safari fupifupi. Ajabu nikienda Shinyanga ulaji unakuwa wa kawaida. Ninunue sensa mpya kabisa? Mama watoto ameshaanza kuuliza hela zinakwenda wapi.

Boda Mstaafu
Chomoa balbu ya hiyo taa, maisha yaendelee 😂

Fundi Waya
Huyo msimsikilize. Kaka, P0135 haisemi sensa imekufa. Inasema njia ya umeme wa hita ya sensa hiyo ina shida, na njia hiyo ni hita yenyewe, soketi, waya, fyuzi, rilei, mpaka kompyuta ya gari.

Sensa haisomi vizuri mpaka ipate moto wa nyuzijoto 300 na zaidi, ndiyo maana imewekewa hita ndani. Hita isipopata umeme, inasubiri moshi wa ekzosi uichemshe. Muda wote huo kompyuta inakadiria tu mafuta, na kawaida inazidisha. Wewe unafika mjini haijachemka. Ukienda Shinyanga inachemka njiani, huoni tofauti.

Injini ikiwa imepoa, chomoa soketi ya sensa. Kuna nyaya nne, zile mbili za rangi moja ndizo za hita. Pima omu (ukinzani wa umeme) kati yake, upande wa sensa. Sensa ya kawaida ya Toyota husoma kama 11 hadi 16. Zile za A/F (za uwiano wa hewa na mafuta) husoma 1.8 hadi 3.4, kwa hiyo jua kwanza unayo ipi. Halafu washa swichi bila kupiga stata, upime volti kwenye soketi upande wa gari.

Kijana wa Mwaloni
Nimeazima multimita kwa jirani. Sensa inasoma 13, volti 12.3. Si kila kitu kizima sasa?

Dada wa Nyegezi
Mkuu unaoshea wapi gari? Langu lilianza hivyohivyo baada ya vijana wa ziwani kupiga injini maji ya presha.

Fundi Waya
Dada ana hoja. Na hizo 12.3 zisikudanganye. Multimita haivuti umeme wa maana, hata waya ukibakiza uzi mmoja itakuonyesha volti zote. Mpe mzigo: chukua balbu ya indiketa ya wati 21, iunge kati ya pini yenye umeme na bodi. Ikiwaka hafifu, mchawi umempata. Ule waya mwingine wa hita unaokwenda kompyuta usiuguse kwa balbu, unaweza kuchoma kompyuta tuje kukupa pole.

Kijana wa Mwaloni
Wakuu nimerudi. Balbu iliwaka kama koroboi lililoishiwa mafuta. Tukafuata waya na fundi mwingine. Klipu ilikatika zamani, waya ukalala karibu na ekzosi, plastiki ikakauka na kupasuka, maji yakaingia. Ndani shaba imekuwa kijani, nyuzi mbili tu ndizo zilizoshika. Bahati haukugusa chuma, fyuzi ingekwenda. Tumekata, tumechomelea kwa risasi, tumevalisha mpira na kuufunga mbali na moto. Leo siku ya nne, taa haijarudi.

Na Dada wa Nyegezi, ndiyo, naoshea ziwani. Nimeacha.

Nimeipima na ile sensa ya zamani niliyoambiwa imekufa: 12.8. Nani anaihitaji?

Boda Mstaafu
Natoa elfu tano.