Baba ana hepatiti C na bado yuko kwenye dawa za kifua kikuu, tuanzie wapi? (Bukavu)

Mama_Neema_Kadutu
Jambo ndugu zangu. Mzee wetu ana miaka 61, yuko mwezi wa tatu wa dawa za kifua kikuu. Alishikwa na kichefuchefu, wakampima damu wakakuta ini linasumbuka, kisha kipimo cha haraka kikatoa hepatiti C. Dispensari moja imetuambia tiba ni sindano za mwaka mzima, tena ya matajiri. Jirani ameleta chupa ya dawa ya miti ya kusafisha ini. Shangazi naye amefunga uzi mwekundu kwenye kikombe cha mzee ili watoto wasikiguse. Mzee anaona, hasemi kitu. Kaka yangu wa Lubumbashi anasema kuna vidonge vya kuponya kabisa, yuko tayari kutuma pesa leo. Ukweli ni upi?

Fundi_wa_Labo
Pole dada. Ule mstari kwenye kipimo cha haraka unaonyesha kingamwili tu, yaani mwili uliwahi kukutana na kirusi. Karibu watu 3 kati ya 10 wanakifukuza wenyewe bila dawa, na mstari unabaki vilevile. Kwa hiyo kabla ya pesa ya vidonge, tafuteni pesa ya kupima wingi wa kirusi kwenye damu. Mashine ya GeneXpert, ile ya kupimia makohozi, inakiweza kipimo hicho, ila kinataka katriji yake. Pigeni simu kuuliza kama ipo kabla ya kumpandisha mzee pikipiki. Apimwe pia hepatiti B na VVU, maana dawa za C zinaweza kuiamsha B iliyolala.

Papa_Espe_Bagira
Mimi nilitibiwa, nimepona. Sofosbuvir na daklatasvir, mara moja kwa siku, majuma 12. Kichwa kiliuma mwanzoni, uchovu kidogo, basi. Hizo sindano ni interferoni, tiba ya zamani: homa, nywele kunyonyoka, na wengi walimaliza mwaka bila kupona. Vidonge vya sasa, kwa jumla, vinaponya zaidi ya watu 95 kwa 100. Kweli vilikuwa vya matajiri: vilipotoka Marekani mwaka 2013, kidonge kimoja cha sofosbuvir kiliuzwa dola 1,000. Siku hizi India na Misri wanatengeneza jeneriki, yaani dawa ileile bila jina la kampuni ya kwanza, na bei imeanguka sana. Majuma 12 baada ya kidonge cha mwisho unapimwa tena. Kirusi kisipoonekana hapo, ndipo daktari anasema umepona.

Dawa_Nyawera
Mama Neema, mwambie kaka asinunue kitu kwanza! Dawa za kifua kikuu zina rifampisini, ile inayobadilisha rangi ya mkojo. Inashusha sofosbuvir na daklatasvir kwenye damu, kirusi kinabaki na pesa imekwenda. Na msithubutu kumwachisha mzee dawa za kifua kikuu ili aanze hizi. Hepatiti C inakwenda polepole, miaka na miaka. Kifua kikuu hakisubiri. Mpelekeni kwenye kituo chake na matokeo ya ini, daktari aamue. Macho yakigeuka manjano au akitapika sana, aende siku hiyohiyo. Chupa ya miti iacheni, kasiksi, pombe ya ndizi, pia. Ini lake lina mzigo tayari.

Mwalimu_Ibanda
Huo uzi ukateni leo. Kirusi hiki kinapita kwenye damu: sindano iliyokwisha kutumika, wembe wa chale, damu isiyopimwa. Kwa kikombe, sahani au kukumbatiana hakipiti. Wembe na mswaki wake viwe vyake peke yake. Wajukuu wakae naye.

Mama_Neema_Kadutu
Aksanti sana, Mungu awabariki. Uzi nimeukata, shangazi amenuna lakini amesoma maneno yenu. Hayo ya rifampisini hakuna aliyetuambia. Sasa akingoja amalize miezi yake 6, ini halitaharibika?

Fundi_wa_Labo
Ndiyo sababu muulize sasa ini limefikia wapi. Ombeni hesabu ya chembe sahani za damu, vimeng'enya vya ini na ekografia (ultrasound) ya tumbo. Ikionekana sirosisi, yaani ini limejaa makovu, tiba inaweza kuwa majuma 24 badala ya 12, na hata akishapona ataendelea na ekografia kila miezi 6, kwa sababu hatari ya saratani ya ini haiishi na kirusi.

Mama_Neema_Kadutu
Nimeelewa. Jumatatu tunarudi kituoni na karatasi zote. Kaka amekubali pesa yake iende kwenye vipimo kwanza.