Kiwanja cha gofu ya diski kimejaa miti bila njia, halafu mnakipa nyota tano?

Wakuu, naandika huku najikuna mkono, kwa hiyo lugha ikiteleza mtanivumilia. Wasimamizi, tafadhali msiuunganishe uzi huu na ule wa "burudani za bure ughaibuni". Hii siyo burudani, haya ni malalamiko.

Kwa wale ambao hawajawahi kuuona mchezo wenyewe: gofu ya diski haina vijiti wala mpira. Unarusha kisahani cha plastiki, na mwisho wa safari yake kuna kikapu cha chuma chenye minyororo inayokinasa. Kila mrusho unahesabiwa, mwenye michache anashinda. Huku Marekani viwanja vingi viko kwenye bustani za umma na havina kiingilio, ndiyo maana sisi wabeba maboksi tumeupenda. Diski tatu, raba za miguuni, maji ya kunywa, Jumapili imekwisha.

Sasa, hapa Kentucky ya kati kuna kiwanja cha mashimo 18 kilichowekwa chote ndani ya msitu. ("Shimo" ni jina tu, hakuna kilichochimbwa: ni kipande cha kiwanja kuanzia sakafu ya kurushia, yaani pale unaposimama kurusha mara ya kwanza, hadi kikapu chake.) Jina silitaji, wanaokijua wamekwisha kukijua. Kwenye programu ya simu kina karibu nyota tano. Nimekaa nikasoma maoni ya watu moja baada ya jingine. "Kivuli kila mahali." "Utulivu wa ajabu." "Nimeona paa wawili." "Lazima ufike." Sawa, paa umewaona, na mimi nimewaona. Diski yako ilipita wapi? Hakuna anayesema! Watu wanatoa maksi kwa msitu, na msitu ulikuwepo kabla ya kiwanja. Anayepaswa kupewa maksi ni yule aliyeamua sakafu ya kurushia ikae hapa na kikapu kikae pale. Huyo kwenye maoni hayupo kabisa, ametoroka na nyota zake.

Asije mtu kuniambia naichukia miti. Miti imo kwenye mchezo huu tangu siku ya kwanza. Mwaka 1975 Ed Headrick, ambaye ndiye aliyekuja kupata hataza ya kikapu cha minyororo, aliweka kiwanja cha kwanza cha kudumu kule Oak Grove, California, na jina lenyewe linakuambia kulikuwa na mialoni. Hapahapa Kentucky tunacho Idlewild, kule Burlington, juu kabisa karibu na Cincinnati. Ni msitu mtupu, mashimo marefu, wachezaji wa kulipwa wanakuja kutokwa jasho pale. Nimechezea pale nikatoka nimenyolewa bila maji, na sikuwa na kinyongo, kwa sababu kila nilipougonga mti nilijua ni mkono wangu ulioniangusha. Njia ilikuwepo, mimi ndiye sikuipita.

Hicho ndicho kipimo changu, na sijaona kingine kinachokishinda. Msitu ukikuuliza swali, swali liwe na jibu. Ukisimama kwenye sakafu ya kurushia uweze kusema: nikirusha hivi, kwa urefu huu, ikiinama upande ule, inafika. Ukishindwa, umeshindwa wewe.

Njooni sasa shimo la 11. Ni kama mita 95. Mita 15 mbele ya sakafu kuna mialoni miwili, mwanya kati yake mita 2 hivi. Hapo sina neno, hilo ni swali halali. Ukivuka, kwenye mita 70 unakutana na ukuta wa vigogo kuanzia kushoto hadi kulia, na hakuna mwanya hata mmoja unaozidi mita 2. Tufanye hesabu ya darasani. Ukikosea nyuzi 3 tu wakati diski inatoka mkononi, kwenye mita 15 umeenda pembeni sentimita 80 hivi. Unapita. Kosa lilelile kwenye mita 70 limekuwa zaidi ya mita tatu na nusu. Maana yake, kwa mtu anayerusha vizuri kiasi hicho, mwanya wa pale mbali ungetakiwa uwe na upana wa mita 7 na ushee ndipo aone malipo ya ustadi wake. Aliyepanga shimo hili ameweka mlango uleule karibu na mbali, akaona kazi imekwisha. Matokeo yake unarusha halafu unaomba Mungu. Nimemwona kijana aliyeanza mchezo mwezi huohuo akitoka pale na mirusho 3 baada ya diski yake kugonga miti miwili na kudondoka chini ya kikapu, na mzee mmoja anayeshinda mashindano ya mtaa akatoka na 5 kwa mrusho ulionyooka. Shimo la namna hiyo halipimi kitu. Na ndilo shimo wanaloliita "lenye changamoto"!

Mbaya zaidi, mashimo mengi yanaishia kushoto. Anayerusha kwa mkono wa kulia kwa bekihendi, yaani mkono unaanzia kifuani ukifungukia nje, diski inazunguka kwa mwelekeo wa saa, na mwendo ukipungua inainamia kushoto. Ukirusha kwa fohendi, mkono ukitokea ubavuni kwako, inainamia kulia. Kiwanja kizuri kinakulazimisha utumie yote mawili, na kati yake kikudai mrusho mmoja wa kunyooka kabisa, ambao ndio mgumu kuliko yote. Hapa, kuanzia shimo la 2 hadi la 6, ni kushoto, kushoto, kushoto. Ukiwa na mrusho mmoja tu unajiona bingwa. Shemeji yangu anayetumia mkono wa kushoto alikuja kutoka Indianapolis kwa sababu ya hizo nyota zenu, kila shimo likawa linamkataa. Alikuja na watoto wake wadogo pia. Sakafu ya kurushia ni moja tu kwa kila shimo, hakuna ya karibu kwa watoto wala wanaoanza. Watoto wakafika shimo la 4, wakakaa kwenye gogo wakagoma.

Nitakuwa mwongo nikisema hakuna kizuri. Shimo la 7 lile, jamani, aliyelipanga alikuwa ameamka vizuri. Unasimama juu ya ukingo, kijito kiko chini, kikapu kiko ng'ambo kwenye kijilima. Katikati ya njia kuna mkuyu mmoja wa Kimarekani, mweupe, mnene, umesimama peke yake. Kushoto kwake kuna njia pana lakini inakuzungusha, itakubidi urushe mara mbili ndipo ukaribie. Kulia ni pembamba, inapita juu ya maji, ila ukiipatia umefika. Ukichagua kulia ukashindwa, diski imo kijitoni, unaongezewa mrusho mmoja wa adhabu. Unachagua mwenyewe, unalipa mwenyewe. Nimewahi kusimama pale na mshikaji wangu tukabishana muda mzima njia ipi ni ya akili, hadi wa nyuma yetu wakaanza kukohoa. Mti mmoja tu, kazi yote hiyo! Na kuukuza hawakuukuza wao, walichofanya ni kukiweka kikapu mahali ambapo ule mti unakuwa na maana. Sasa mtu aliyeweza kufanya hivyo shimo la 7, shimo la 11 alikuwa anafanya nini?

Halafu angalieni tarehe za hayo maoni. Mengi ni ya Januari, Februari, Machi. Wakati huo majani yamepukutika, unaona hadi barabarani. Kiwanja cha msituni cha Februari na cha Julai ni viwanja viwili tofauti. Kuna kile kichaka kilicholetwa kutoka Asia kuwa pambo la bustani, sasa kimemeza misitu ya Kentucky ya kati yote. Kinatoa majani mapema kabla ya miti na kinakaa nayo hadi Novemba huko. Diski ikiingia humo, sheria inakupa dakika 3 za kuitafuta, zikipita imehesabiwa imepotea na adhabu juu. Diski moja nzuri ni dola 15 hadi 20, wakuu. Ukifika pale Juni unapoteza mshahara wa saa nzima kwa kosa la mita moja nje ya njia. Na matawi ruhusa ya kuyavunja huna, unasimama yalivyo, yanakuchoma mbavuni, unarusha umejikunja. Mimi nasema hivi: usiyesema umecheza mwezi gani, maoni yako hayanisaidii chochote.

Kujikuna sasa. Kuna mmea huku unatambaa, majani yake yako matatumatatu, upupu wa nyumbani ni mdogo wake. Mafuta yake yanaganda kwenye plastiki ya diski. Unaiokota, unaifuta kwa shati, unajifuta shingo kwa shati hilohilo, baada ya siku moja au mbili unajua hujui. Pembeni ya shimo la 13 umejaa hadi kwenye shina la kikapu. Haiwezekani mtu wa bustani awe hajauona. Ongeza kupe. Kuna aina moja, jike lake lina doa jeupe mgongoni, ambaye akikuuma anaweza kukuachia mzio wa nyama nyekundu. Mnaelewa hapo? Mtanzania akose nyama choma maisha yake kwa sababu alifuata diski kichakani! Kibao cha kuonya hakuna.

Na hili la miti mikavu silitanii. Yule mdudu wa kijani kutoka Asia anayeua miti ya ashi aligunduliwa Michigan mwaka 2002, na Kentucky amekuwepo tangu 2009. Buu lake linakula chini ya gome hadi mti unakauka wote. Kiwanja hiki kimejaa ashi zilizokufa zikiwa zimesimama. Mti wa ashi ukishakauka unakatika ovyo, hausubiri upepo mkubwa. Kwenye shimo la 9 kuna tawi nene limening'inia juu ya kikapu, mahali ambapo kila mchezaji lazima asimame ameinama akiokota diski yake. Tumepiga simu ofisi inayohusika na bustani, tukaambiwa "limeandikwa". Nikauliza limeandikwa wapi, simu ikakatika. Kusema kweli hili peke yake lingetosha kushusha nyota mbili, kabla hata hatujagusa mirusho.

Shimo la 14 linarusha kukatiza njia ya shimo la 5, na kati yake kuna vichaka kiasi kwamba huoni kama kuna watu. Diski ya gramu 175 inayotoka kwa kasi siyo karatasi. Kila mtu anapiga kelele, "Inakuja!", halafu anarusha bila kusubiri jibu. Ubao wa ramani umefifia, kutoka kikapu cha 6 kwenda sakafu ya 7 mgeni anapotea, mizizi imeinua saruji ya shimo la 16 hadi unaogopa kukimbia kabla ya kurusha. Hayo yanarekebishika, siyapotezei muda.

Vikapu ni vipya, minyororo inashika vizuri, hilo mpewe. Kivuli cha Julai ni neema kweli, nje ya msitu kunaunguza. Usafi pia siyo mbaya. Lakini hizo ni sifa za mahali pa kupumzikia, na mimi sikwenda kupumzika, nilikwenda kucheza.

Kwa hiyo mnapokadiria kiwanja cha msituni, tuambieni diski inapita wapi. Semeni mashimo mangapi yana njia unayoweza kuionyesha kwa kidole ukiwa umesimama kwenye sakafu. Semeni kama mtu wa mkono wa kushoto atafurahi au atalia. Semeni mwezi, semeni kama mlikuwa na watoto, semeni kama mlipoteza diski na ilipotelea njiani au nje ya njia, maana diski kupotea katikati ya njia ni kosa la mwenye kiwanja. Paa wawekeeni picha, tutawaangalia.

NYONGEZA: Aliyeniuliza kama nataka msitu ukatwe, hapana mkuu, soma tena. Pale shimo la 11 ni kutoa miti mitatu au minne, nayo miwili ni ashi iliyokwisha kufa, itaanguka hata usipotaka. Au wasikate mti hata mmoja, wakivute kikapu nyuma hadi mita 60, kikae kabla ya ule ukuta. Kazi ya siku moja kwa watu wawili na mfuko wa saruji.

NYONGEZA 2: Anayesema nirudi nikacheze bao, bao nacheza pia, na kete zangu hazipotelei vichakani.

Kwa wale wanaosema wanakwenda Jumamosi hii: vaeni suruali ndefu na soksi juu yake, bebeni diski za bei ndogo zenye rangi kali, la 11 lirukeni, na kwenye kikapu cha 9 tazameni juu kabla ya kuinama.