Ignatius wa riwaya ya A Confederacy of Dunces: ni mimi tu ninayempenda?

Wadau, nimekimaliza jana usiku na mbavu bado zinauma. Huyu Ignatius J. Reilly ni mvivu, mlafi, mjuaji, anamtesa mama yake, na kofia yake ya kijani ya kuziba masikio haivui hata kwenye joto la New Orleans. Kapewa mkokoteni auze soseji, anazila mwenyewe! Mbona nampenda hivi? Nina kasoro?

— Huna. Mimi hoi kila akisingizia vali ya tumbo lake ikitajwa kazi. Na bado anamnukuu Boethius, mwanafalsafa wa kale!

— Niliishia ukurasa wa 60. Namhurumia mama mtu, basi.

— (muulizaji) Rudi bwana! Hujakutana vizuri na Jones na ufagio wake pale baa.

— Mimi huniuma habari ya mwandishi. Toole alifariki 1969. Mama yake akamng'ang'ania mwandishi mwenzake, Walker Percy, hadi akausoma mswada, kitabu kikatoka 1980, mwaka uliofuata kikapata tuzo ya Pulitzer. Ignatius sasa ana sanamu Canal Street, New Orleans, na kofia yake kichwani.

— (muulizaji) Hata kwenye shaba hajaivua!