Tupeane uzoefu: umeme umekatika, nje theluji, na watoto wako ndani

Wakuu mlioko Marekani na Kanada, msimu ndio huu. Texas, Februari 2021, mamilioni walikaa gizani, na baadhi ya waliokufa waliuawa na gesi ya vitu walivyowasha ili wapate joto. Leteni mbinu, hadithi ndefu tuziache.

Mjukuu wa Njombe:
Jiko la mkaa lisiingie ndani, hata dakika tano. Mkaa ukishakolea hautoi moshi, na hapo ndipo watu wanapodanganyika. Kaboni monoksidi haina harufu wala rangi. Hata kwetu Nyanda za Juu inaua, sembuse nyumba za huku zilizozibwa kila upenyo! Oveni ya gesi nayo si hita. Jenereta ikae nje, futi 20 au zaidi kutoka nyumbani, bomba la moshi lisielekee dirisha. Kichwa kikiuma na kichefuchefu kikiwashika wote kwa pamoja, tokeni nje kwanza, kisha pigeni 911. Nunueni kengele ya kaboni monoksidi inayotumia betri.

Fundi Hita:
Nyongeza: hita ya gesi ya nyumba nayo huzima, kwa sababu feni yake inataka umeme. Msiilaumu gesi.

Mama Pacha:
Hamieni wote chumba kimoja kidogo, ikiwezekana chenye dirisha la kusini, maana jua la huku hupitia upande huo. Taulo chini ya mlango, blanketi juu ya dirisha. Mchana fungua pazia jua likiwaka. Godoro lisikae juu ya sakafu tupu, weka maboksi au zulia chini. Mkiwa na hema la watoto, lisimamisheni humo humo ndani, pumzi na miili yenu italipasha.
Chupa ya mpira: maji ya moto yasiyochemka, theluthi mbili tu, kamua hewa, funga, viringisha taulo. Ipashe kitanda, kisha itoe kabla mtoto hajalala. Mtoto mchanga hafunikwi mablanketi. Mvalishe mfuko wa kulalia. Mpime kwa kugusa shingo kwa nyuma, mikono hudanganya.

Swali:
Soksi zikilowa jasho?

Mama Pacha:
Badilisha mara moja. Pamba iliyolowa inanyonya joto. Sufu, yaani manyoya ya kondoo, ni bora.

Fundi Hita:
Mabomba: koki zidondoshe maji kidogo kidogo, milango ya kabati la sinki iwe wazi. Maji yakiganda hutanuka kama asilimia 9, bomba hupasuka. Tafuteni koki kuu ya kufungia maji leo, taa zikiwa zinawaka.