Naenda kumsalimu mama mkubwa Mikumi, na kamera naibeba. Nizipangeje siku zangu?

MwanaPangani

Wakuu, salaam aleikum, na wengine habari za jioni. Naomba ushauri, hasa kwa mnaoijua Mikumi na mnaoshika kamera.

Mwezi wa nane, Mungu akijaalia, natoka Tanga kwenda Mikumi mjini kumsalimu mama mkubwa, dada yake marehemu mama, tumbo moja. Aliolewa huko zamani, na Pwani amekuwa akirudi kwenye misiba tu. Anaishi na binti yake, ambaye kwangu ni dada, na shemeji, na watoto watatu. Mkubwa yupo darasa la sita, mdogo hajatimiza miaka mitano. Nitakaa wiki hivi.

Wanyama nawapenda tangu mdogo. Mwaka huu nimejibana nikanunua kamera ya mtumba, Canon, na lenzi mbili, ya milimita 18-55 na ya 55-250. Huku kwetu napiga korongo na shakwe mikokoni, na ngalawa zikiingia asubuhi. Tembo sijawahi kumpiga picha hata mmoja, na hifadhi ipo pale pale jirani na nyumba ya mama mkubwa.

Kinachonitatiza ni saa. Mwanga mzuri ni alfajiri na jioni, na hizo ndizo saa ambazo nyumba nzima inakuwa pamoja. Mama mkubwa kanipigia simu juzi, kaniambia, "Safari hii uje tukae, nina mengi ya mama yako sijakuhadithia." Maneno hayo yamenikaa moyoni. Sitaki aone nimefuata wanyama, yeye nimempitia tu.

Basi naomba mnisaidie: siku ngapi za hifadhini zinatosha bila kumvunjia heshima? Gari napataje, maana shemeji ana pikipiki tu? Lenzi ya 250 inafaa? Na mwisho, natamani sana kumpiga picha mama mkubwa mwenyewe, lakini ni mtu wa zamani, hapendi kamera. Niingie kwa gia gani?

Dereva wa Kitonga

Karibu sana barabara yetu. Nianze na safari yenyewe, kwa sababu utaanza kuona wanyama kabla hujafika kwa mama mkubwa. Ukishapita Morogoro, barabara kuu ya kwenda Iringa na Zambia inakata katikati ya hifadhi kwa kilomita kama 50. Mwendo mule una kikomo, matuta yapo, na kuna mabango ya faini kwa kila mnyama atakayegongwa. Kwa hiyo basi linatembea polepole, abiria unapata muda wa kutazama. Swala, pundamilia, nyumbu, twiga na nyati ni kawaida kuwaona kutoka barabarani, na tembo pia wanavuka.

Kaa dirishani na uhakikishe kioo ni kisafi upande wako. Lenzi iguse kioo kabisa, vinginevyo utapiga picha ya shati lako mwenyewe. Usimwombe dereva asimame, haruhusiwi. Na nakuomba sana, usitupe ganda la ndizi wala chupa dirishani. Nyani wa pale wamezoeshwa kula vya abiria, sasa wanakaa kando ya lami kusubiri, na wengi wanakufa kwa kugongwa. Tunawaona kila siku sisi wa barabarani, na inauma.

Mwalimu Mama Wawili

MwanaPangani, nimefundisha shule ya msingi upande huo miaka mingi. Nikwambie jambo ambalo watu wa mbali hawalijui. Watoto wengi wa pale wanasikia simba usiku, wanaamka wakakuta tembo amepita shambani, lakini ndani ya geti la hifadhi hawajawahi kuingia. Nyumba haina gari, na mzazi pesa anayo ya sare na daftari. Hifadhi imeanzishwa 1964, mama mkubwa wako huenda ameishi kando yake karibu umri wake wote wa ndoa. Muulize ameingia mara ngapi. Usishangae akikwambia hajaingia kabisa.

Kwa hiyo mimi swali lako naligeuza. Usitafute namna ya kuiaga nyumba ili uende hifadhini. Ichukue nyumba uende nayo. Siku moja, wote. Mwezi wa nane shule zimefunguliwa, basi iwe Jumamosi. Mtoto wa chini ya miaka mitano halipiwi kiingilio, wa darasa la sita analipiwa bei ya mtoto, na Mtanzania analipa kidogo mno ukilinganisha na mgeni wa nje. Gharama kubwa itakuwa gari. Pale mjini wapo madereva wenye magari ya kuingizia wageni, yale yenye paa la kufunguka. Mwambie shemeji akutafutie yeye, maana anafahamika na atapata bei ya mwenyeji. Ukienda peke yako na kamera shingoni utapewa bei nyingine.

Chakula pikeni usiku, mbebe. Mama mkubwa akae kiti cha mbele.

Hondohondo

Nimepiga picha Mikumi mara nyingi, ngoja nijibu la lenzi kwa kirefu.

Hiyo 55-250 kwenye Canon yako inatosha. Kamera za aina hiyo zina sensa ndogo (kile kinachopokea picha ndani ya kamera), kwa hiyo 250 inakuletea ukaribu wa kama 400. Kwa tembo, twiga, nyati na pundamilia hutalia. Utakwama kwa ndege wadogo na kwa simba aliyelala mbali kwenye nyasi, na hapo tumia darubini, furahia kwa macho. Picha siyo lazima.

Weka shata, yaani kasi ya kufungua na kufunga kamera, isishuke chini ya 1/500 ya sekunde kwa mnyama aliyesimama, na 1/1600 au zaidi kwa ndege anayeruka au swala anayekimbia. ISO, yaani wepesi wa kamera kupokea mwanga, iache ijipange yenyewe, mwisho 3200. Picha yenye chenga kidogo inatazamika, iliyotikisika haitazamiki. Dereva azime injini kila mnaposimama, maana mtetemo wa gari unaharibu picha kuliko mkono wako. Kisha shona kimfuko cha kitambaa kigumu, ukifika kijaze mchele nusu, ukiweke kwenye ukingo wa dirisha na lenzi juu yake. Inatulia kabisa. Huko uendako ni jirani na mchele wa Kilombero, hutakosa.

Mwezi wa nane ni kiangazi. Nyasi zimelala, miti mingi imepukutika, maji yamebaki sehemu chache, kwa hiyo wanyama wanasogea kwenye mabwawa. Kaa bonde la Mkata, upande wa kaskazini wa barabara kuu. Ingia geti linapofunguliwa saa 12 asubuhi. Ikifika saa nne joto linaanza kucheza juu ya ardhi, na picha ya mnyama wa mbali inakuwa kama imepigwa kupitia maji, hata ukiwa na lenzi ya mamilioni. Hapo nendeni bwawa la viboko, mle chakula. Pale pamewekwa alama ya mahali pa kushukia, na nje ya mahali hapo hamshuki garini.

La mwisho, na hili nalisema kwa kila anayeanza: usivute kila kitu mpaka masikio yatoke nje ya fremu. Mikumi ina kitu ambacho hifadhi nyingi hazina, tambarare pana yenye milima pande mbili, Rubeho magharibi na Uluguru mashariki. Twiga mmoja mdogo chini ya milima ile, kwa 18-55, mwanga wa saa moja asubuhi, ni picha nzuri kuliko uso wake uliojaa kioo.

Vumbi ni adui. Usibadilishe lenzi gari likitembea. Funga kamera kwenye khanga.

MwanaPangani

Nawashukuru kwa moyo wote. Mwalimu, nimempigia simu mama mkubwa jioni hii, nikamuuliza. Hajawahi kuingia. Marehemu baba mkubwa aliingia zamani kwa kazi za barabara, akawa anawasimulia. Alipoanza kueleza nikasikia sauti yake imebadilika, na sikuthubutu hata kutaja habari ya gari, nataka nikamwambie uso kwa uso.

Kwa hiyo Jumamosi ya wote nimeikubali. Je, nikiongeza asubuhi moja ya peke yangu, itakuwa vibaya?

Dereva wa Kitonga

Mkuu, ningekuwa mimi nisingeongeza. Siku moja yenye familia inatosha. Safari nyingine zipo.

Hondohondo

Hapa napingana na Dereva. Ukiwa na watoto watatu garini hutapiga picha ya maana, na hutakiwi hata kujaribu. Kila dakika mtu ana kiu, mtu anataka kukaa dirishani, na hiyo ndiyo raha yenyewe, iache iende. Mtu anayependa kazi hii anahitaji asubuhi moja ya kimya. Nenda katikati ya wiki watoto wakiwa shule, rudi kabla ya chakula cha mchana. Mwambie mama mkubwa jana yake, umuage mwenyewe, usimwachie dada akueleze.

Bin Taita

Salaam kutoka Voi, Kenya. Sisi huku tuna hali kama hiyo: nyumba ya shangazi yangu iko upande wa pili wa ua wa hifadhi ya Tsavo. Ndovu wetu ni wekundu kwa sababu ya udongo wanaojirushia, na wageni hutoka mbali kuja kuwapiga picha. Shangazi yeye ndovu anamjua kwa mahindi yaliyoliwa.

Ninachotaka kukwambia ni hiki. Ukifika, usianze kusifia tembo mbele ya watu wa nyumba kabla hujauliza shamba lao likoje. Anayeishi na wanyama hawaoni kama wewe unavyowaona. Mimi niliketi na shangazi akanieleza usiku aliopiga debe hadi alfajiri, na tangu hapo picha zangu za ndovu nazipiga kwa adabu nyingine. Msikilize mama mkubwa kwanza juu ya hao wanyama. Ana habari usizozipata kwa dereva yeyote.

Mzee wa Kidatu

Mwanangu MwanaPangani, mimi nitajibu lile la mwisho ambalo wenzangu wameliruka.

Mtu mzima humpigi picha siku uliyofika. Siku ya kwanza mpe ulichobeba, na usiende mikono mitupu: nazi, machungwa ya Muheza, papa mkavu kama ungali unampata mzuri. Mtu wa Pwani aliyekaa bara miaka yote hiyo, harufu ya papa peke yake itamfungua kinywa. Kamera iache begini. Siku ya pili au ya tatu muonyeshe picha za kwenu ulizopiga, ngalawa, mikoko, nyumba ya zamani ya ukoo kama bado imesimama. Pita upige kabla hujasafiri! Hizo nenda ukazisafishe, umpelekee za kushika mkononi, siyo za kwenye kioo cha simu. Akishazishika atakuuliza mwenyewe, "Na mimi utanipiga lini?" Umpe nafasi ya kuvaa anachotaka na kukaa anapotaka. Wapo wazee wanaopenda wasimame wima, mikono imenyooka, bila kucheka. Mpige hivyo hivyo anavyotaka, ndivyo anavyotaka kukumbukwa.

Na hizo hadithi za mama yako, simu ina kinasa sauti. Mwombe ruhusa, uiweke mezani, umsahaulishe. Picha itakuonyesha sura yake, lakini namna anavyolitamka jina la mama yako utaipata kwenye sauti tu.

Ukipata nafasi ya kufika huku kwenye hifadhi ya milima ya Udzungwa, ni mwendo mfupi kutoka Mikumi, unakata kona kuelekea Ifakara. Huku hakuna safari ya gari, ni kutembea msituni na muongozaji. Maporomoko ya Sanje yana mita kama 170, na kuna kima wa Sanje ambaye wanasayansi walimjua 1979 tu, hapatikani popote duniani nje ya milima hii. Lakini bwawa la umeme la Kidatu usilielekezee kamera bila kibali, wala stesheni na madaraja ya reli. Utajieleza siku nzima.

MwanaPangani

Mzee wangu, shikamoo. Nimesoma maneno yako mara mbili. Nyumba ya ukoo bado imesimama Pangani, mlango wa mbao upo, na Jumapili hii naenda kuipiga, na ule mwembe wa uani walipocheza yeye na mama.

Mpango wangu umekuwa hivi. Siku za mwanzo nyumbani, kamera begini. Katikati ya wiki asubuhi moja ya peke yangu, kwa kumuaga. Jumamosi wote. Udzungwa naiacha safari ijayo. Bin Taita, nitamuuliza habari za shamba.

Swali la mwisho: mama mkubwa anaumwa magoti. Yale magari ya juu atapanda? Na nguo, kuna lolote la kuangalia?

Mwalimu Mama Wawili

Mwambie dereva abebe kigoda au ngazi fupi, wengi wanazo, na amsogezee gari kwenye baraza au tuta ili kimo kipungue. Muombe pia msikae ndani zaidi ya muda wa saa tano, choo kipo getini na sehemu chache tu. Nguo za bluu iliyokolea na nyeusi ziacheni, zinavuta mbung'o, na wanauma hata juu ya kitambaa. Asubuhi mwezi wa nane kuna baridi, mbebee shali.

Malipo ya getini hayapokelewi taslimu, ni kwa namba ya malipo au kadi. Uliza pia kibali kinadumu saa ngapi, na kama mkitoka mnaruhusiwa kuingia tena. Shemeji apite getini siku moja kabla akaulize yote, ili Jumamosi msikae kwenye foleni jua likipanda.